Usiifomati flopi usiyoijua

Katika kazi yangu ya kompyuta za zamani, hakuna ujumbe unaonitia hofu kama ule wa Windows: diski hii haijafomatiwa, je, unataka kuifomati sasa? Wengi hubonyeza ndiyo. Hudhani flopi ni tupu, kumbe PC imeshindwa tu kuisoma. Ikiletwa kwangu baada ya hapo, sina la kumwambia mwenyewe ila pole.

Chukua flopi ya Amiga, kompyuta ya Commodore iliyozinduliwa Marekani mwaka 1985. Kwa macho ni ileile ya inchi tatu na nusu ya PC. Ndani, mambo ni mengine kabisa. PC hugawa kila traki katika sekta 9 za baiti 512, na baada ya kila sekta huacha nafasi. Kwa traki 80 pande zote mbili, unapata kilobaiti 720. Amiga huandika traki nzima kwa mkupuo mmoja, haiachi nafasi hizo katikati, ikapenyeza sekta 11. Flopi ileile sasa inabeba kilobaiti 880, na PC ya kawaida haiambulii hata faili moja.

Kuna pia mtindo wa kuziba kwa selotepu tundu la pili la flopi ya megabaiti 1.44 ili mashine iione kuwa ya 720. Itafomatika, ni kweli. Lakini utando wake wa sumaku unataka nguvu kubwa zaidi wakati wa kuandika, kwa hiyo data haishiki vizuri. Kazi unayoithamini usiiweke humo.

Mwaka 2014, klabu ya kompyuta ya Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon na Makumbusho ya Andy Warhol, Pittsburgh, walitangaza kupatikana, ndani ya flopi, kwa picha ambazo msanii Warhol alizichora kwa Amiga mwaka 1985. Vijana wale walinakili kwanza alama za sumaku jinsi zilivyo, ndipo wakatafuta mafaili. Mtu mmoja angebonyeza ndiyo, picha zile zingepotea.

Kwa hiyo, kabla ya kuchomeka flopi ya zamani, sukuma kidude cha pembeni mpaka tundu liwe wazi, isiandikike. Kwenye lebo andika jina la mashine iliyoifomati. Na kompyuta ikiuliza, jibu hapana.