Wakimbizi wa Msumbiji: Somo la Kusini kwa mashirika ya misaada

Na Mwandishi Wetu

HOSPITALI ya Mnero, wilayani Nachingwea, haikujengwa kwa ajili ya wakimbizi. Ni matunda ya kazi ya wamisionari wa Kibenediktini, na leo iko chini ya Jimbo Katoliki la Lindi. Hata hivyo, katika eneo hilo linalopakana na Ruangwa, taasisi kama hiyo inakumbusha jambo ambalo wengi wetu tunaoishi mijini tumelisahau: kwamba kwa miongo kadhaa mikoa ya Kusini ilipokea maelfu ya watu kutoka ng'ambo ya Mto Ruvuma, na kwamba Serikali haikuubeba mzigo huo peke yake.

Uhusiano wa kingo mbili za Ruvuma ni wa kale. Wamakonde, Wamakua na Wayao wapo pande zote mbili, na tangu enzi za ukoloni wapo waliovuka kuja kutafuta kazi katika mashamba ya mkonge. Lakini baada ya FRELIMO kuanza vita vya ukombozi, Septemba 25, 1964, waliovuka hawakuwa tena watafuta kazi. Walikuwa familia zilizokimbia mapigano, pamoja na wazee na watoto.

Nachingwea inajulikana zaidi kwa kambi ya mafunzo ya wapiganaji, ambako Samora Machel alijijengea jina. Sura ya pili ya historia hiyo haisimuliwi sana. Mwaka 1965 yalifunguliwa makazi ya wakimbizi ya Rutamba, mkoani Lindi, na baadaye yakawapo mengine, yakiwamo ya Matekwe wilayani Nachingwea pamoja na Lundo na Muhukuru, mkoani Ruvuma.

Utaratibu uliotumika ulikuwa wa pande tatu. Serikali ilitoa ardhi na ulinzi wa kisheria. Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi (UNHCR) lilitafuta fedha. Kazi yenyewe ya kila siku ilifanywa na shirika lisilo la kiserikali, Tanganyika Christian Refugee Service (TCRS), lililoanzishwa mwaka 1964 na Shirikisho la Makanisa ya Kilutheri Duniani.

Lengo halikuwa kumlisha mkimbizi milele. Alipewa shamba, jembe na mbegu, akatarajiwa kujitegemea. Baada ya Msumbiji kupata uhuru, Juni 25, 1975, wengi walirejea kwao. Wengine walibaki na kuwa majirani wa kawaida vijijini. Mwaka 1983, Mwalimu Julius Nyerere alitunukiwa Nishani ya Nansen, tuzo ya UNHCR kwa waliowatumikia wakimbizi.

Vita vya RENAMO viliwaleta wengine. Katika kumaliza vita hivyo, asasi isiyo ya kiserikali ilitoa mchango mkubwa pia. Jumuiya ya Mtakatifu Egidio, kundi la waumini Wakatoliki wa mjini Roma, ilisimamia mazungumzo yaliyozaa mkataba wa amani wa Oktoba 4, 1992. Baada ya hapo, Wasumbiji wapatao milioni 1.7 walirejea nyumbani kutoka nchi sita jirani, Tanzania ikiwamo.

Ni vema kuyakumbuka hayo sasa kwa sababu mpaka huo umeingia tena katika majaribu. Oktoba 2017, wapiganaji wenye silaha walishambulia mji wa Mocímboa da Praia katika jimbo la Cabo Delgado. Oktoba 2020 walivuka na kushambulia kijiji cha Kitaya, mkoani Mtwara. Machi 24, 2021, waliuvamia mji wa Palma, na maelfu ya watu wakakimbia.

Safari hii waliofika Tanzania hawakukuta Rutamba wala Matekwe. UNHCR ilieleza kuwa hadi katikati ya mwaka 2021 watu zaidi ya 9,000 walikuwa wamerudishwa Msumbiji kwa nguvu kupitia Negomano, upande wa pili wa Daraja la Umoja, na ikazisihi nchi jirani ziwaruhusu wanaokimbia vita kuingia.

Hoja ya usalama si ya kupuuzwa. Baada ya Kitaya, hakuna Serikali ambayo ingeacha mpaka bila ulinzi. Lakini mkataba wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika (OAU) wa mwaka 1969, ambao Tanzania imeuridhia, unakataza kumkatalia mpakani mtu ambaye maisha yake yako hatarini. Kumchunguza anayeingia ni wajibu wa Serikali. Kumrudisha mama na watoto wake kabla ya kuwasikiliza ni jambo jingine.

Hapa ndipo nafasi ya mashirika yasiyo ya faida inapoonekana, na pia ukomo wake. Shirika laweza kuchimba kisima, kufungua zahanati na kuendesha shule. Haliwezi kutoa ardhi wala hadhi ya kisheria, na haliwezi kumsaidia mtu ambaye halikuruhusiwa kumfikia. TCRS ilifanikiwa kwa sababu Serikali ilifungua mlango kwanza.

Aidha, mashirika hayana budi kujifunza kutoka kwa taasisi kama ya Mnero. Hospitali ya aina hiyo inamhudumia mwenyeji na mgeni katika foleni moja. Pale ambapo misaada humfikia mgeni tu, huku mwenyeji aliye maskini kama yeye akitazama, manung'uniko huzaliwa, na manung'uniko hayo ndiyo yanayowapa wanasiasa sababu ya kufunga milango.

Serikali inaweza kuandaa mapema utaratibu wa pande tatu kwa mikoa ya Mtwara, Lindi na Ruvuma: vituo vya uchunguzi karibu na mpaka, fursa kwa UNHCR kuwafikia wanaoingia, na nafasi rasmi kwa taasisi za dini na asasi zilizopo tayari vijijini. Kusini imewahi kuifanya kazi hiyo ikiwa na rasilimali chache kuliko za leo.