MITI NAYO IPIMWE KAMA DHAHABU

Watu wa Kolandoto wajua maana ya nchi isiyo na miti. Misitu ya Usukuma ilifyekwa ili mbung'o afe na pamba ipate mahali, hata mwaka 1986 ikabidi uanzishwe mpango wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, uliodumu hadi 2004. Ngitili zikarudi. Leo tunayo miti tena, ya ngitili na ya kupandwa. Twauliza: nani ajuaye kiasi chake?

Tuseme amefika mnunuzi wa matimba, yale magogo yashikayo kuta za mashimo ya wachimbaji wadogo huko Geita. Hutupa jicho mara moja, hutaja bei, na mkulima hana la kumjibu kwa kuwa hana hesabu. Lakini katika mgodi mkubwa wa dhahabu hakuna akadiriaye kwa jicho. Mwamba hutobolewa huku na huku, sampuli hupimwa, na kiasi kilichopo kati ya tundu na tundu hutafutwa kwa hesabu. Hesabu hiyo chanzo chake ni Danie Krige, mhandisi wa migodi ya Afrika Kusini, aliyeiandika mwaka 1951. Mfaransa Georges Matheron akaiendeleza. Na mwaka 1960 Bertil Matérn wa Uswidi alitoa hesabu ya ukoo huo huo, naye alikuwa mtu wa misitu, si wa madini!

Jambo lenyewe si uchawi. Huchaguliwa viduara vichache shambani, hupimwa unene wa kila mti mita 1.3 kutoka chini, na kimo cha baadhi yao. Hapo ujazo hujulikana. Miti ya jirani hufanana, kwani yala udongo mmoja. Kwa hiyo mahali pasipopimwa hukadiriwa kwa kusikiliza duara la karibu kuliko la mbali, na kila kadirio huja na kiasi cha shaka yake. Atumiaye wastani mmoja kwa shamba zima ajidanganya. Miti ya bondeni penye unyevu si sawa na ya mwinuko wa mchanga, na mnunuzi akibeba kipande kinono kwa bei ya wastani, mkulima amekwisha liwa.

Serikali ilipima misitu ya nchi nzima kwa mpango wa NAFORMA, ikapata hekta milioni 48.1. Kazi njema, ila viduara vyake vimeachana mno kumwambia mtu wa Kolandoto habari za ekari zake mbili.

Tusiambiwe kwamba ni ghali. Tepu ya fundi cherehani huzunguka mti, na mzingo ukigawanywa kwa 3.14 unene umepatikana. Simu ya mkononi huonyesha mahali. Vyama vya ushirika na vichague vijana wafundishwe kazi hii kabla ya miti kuuzwa. Na afisa misitu akija kupima, asiondoke na karatasi zote: nakala ya ramani ibaki kwa mwenye shamba, pamoja na kiasi cha shaka yake.