Pete Itakayodumu Kidoleni

Msimu wa harusi ukikaribia, maswali kuhusu pete hutufikia kwa wingi. Bwana harusi ana kiasi chake cha pesa, bibi harusi ameiona pete ya rafiki yake, na mashangazi nao wana lao la kusema. Katika mashauri hayo yote ni nadra kumsikia mtu akiuliza: pete hii itakuwaje baada ya miaka ishirini, ikiwa kwenye kidole kile kile kinachofua, kinachosonga ugali na kunawa kutwa nzima?

Akina dada wapenzi, mitindo ina haraka. Herini kubwa za plastiki walizovaa mama zetu miaka ya 1980 ziko wapi leo? Lakini bangili ya dhahabu isiyo na madoido, ya mama huyo huyo, binti yake anaivaa hata sasa na hakuna anayemwambia imepitwa na wakati. Tofauti haiko katika sura peke yake. Iko katika kitu ilichotengenezwa nacho, na kama sonara anaweza kuitengeneza tena ikiharibika.

Dhahabu tupu, yaani ya karati 24, ni laini mno kwa kazi za kila siku, ndiyo maana masonara huichanganya na fedha na shaba. Karati 18 ina dhahabu asilimia 75, na kwa ndani hugongwa namba 750. Karati 14 hugongwa 585, na karati 9 hugongwa 375. Karati 22, ambayo hugongwa 916, inapendeza kwa kidani au bangili za sherehe, lakini pete nyembamba ya aina hiyo itapinda na kulika upesi kwa mwanamke asiyekaa na mikono mitupu. Kwa pete ya ndoa sisi tungechagua karati 18 au 14. Muhuri peke yake usikutulize, kwani nao huweza kughushiwa. Mwombe sonara aipime mbele yako, na stakabadhi iandikwe uzito na karati.

Vitu vilivyochovywa dhahabu ndivyo vinavyotuletea wagonjwa. Ngozi ile nyembamba ya dhahabu huisha, na chini yake mara nyingi kuna nikeli. Tunawaona: ndewe za masikio zimevimba na kutoa maji, kidole kina malengelenge, mgonjwa ameshajipaka kila dawa akidhani ni fangasi. Mwili ukishaikataa nikeli, kwa kawaida huikataa maisha yote. Ulaya walitunga sheria mwaka 1994 ya kupunguza madini hayo katika mapambo yanayogusa ngozi. Hata dhahabu nyeupe hutengenezwa wakati mwingine kwa nikeli, basi uliza kabla ya kulipa. Kama pesa hazitoshi, pete ya fedha halisi, yenye namba 925, ina heshima kuliko dhahabu ya kuchovya. Itafifia rangi, naam, lakini utaisugua kwa kitambaa laini na itang'aa tena.

Kuhusu mawe, tunajua wengi mnaipenda tanzanaiti, na kwa haki, maana tangu ilipogunduliwa Mererani mwaka 1967 haijapatikana kwa biashara mahali pengine popote duniani. Hata hivyo, katika kipimo cha ugumu kinachoanzia 1 hadi 10, tanzanaiti iko kati ya 6 na 7, ilhali chembe za mchanga zilizomo katika vumbi la kawaida zina 7. Maana yake ni kwamba kuipangusa tu vumbi kunaweza kuikwaruza. Iwekeni kwenye herini au kidani. Kwa kidole, yakuti ina ugumu wa 9 na almasi 10. Msichanganyikiwe na neno karati hapa: kwa dhahabu ni kipimo cha usafi, kwa mawe ni uzito, na karati moja ni sehemu ya tano ya gramu. Ile almasi ya waridi ya Mwadui, aliyopewa Elizabeth wa Uingereza kama zawadi ya harusi mwaka 1947, ilikuwa na karati 54.5 kabla ya kukatwa, na 23.6 baadaye. Ilitiwa kwenye pini ya kifuani yenye umbo la ua, naye aliivaa hata katika harusi ya mwanawe Charles mwaka 1981.

Sasa tuje kwenye jambo ambalo muuza duka hatakuambia. Kidole huvimba. Huvimba kwa mimba, kwa moto wa jikoni, kwa kuumwa na nyuki, kwa kuanguka. Pete ikikaza, inua mkono juu, tumia maji baridi na sabuni. Ikishindikana na kidole kikaanza kubadilika rangi au kufa ganzi, wahi hospitali, usingoje asubuhi, maana kidole chenyewe kinaweza kupotea. Pete ya dhahabu au fedha tunaikata kwa kikato kidogo, na sonara huiunga tena. Lakini zile pete nyeusi za tangsteni, ambazo vijana wa kiume wamezipenda miaka ya karibuni, hazikatiki kwa kifaa hicho; hupasuliwa kwa kubanwa, na zikishapasuka ndio mwisho wake. Hata kupanuliwa haziwezi. Pete iliyozungushiwa mawe pande zote nayo ni taabu kuipanua, na kwenye nafasi za mawe hayo hujificha unga, sabuni na vijidudu. Duara tupu, laini, la unene wa wastani, hunawika vizuri.

Mpimwe vidole jioni au wakati wa joto, si asubuhi ya baridi, na pete ipite kwenye kifundo kwa shida kidogo tu.

Na mnaokaribia kujifungua, ivueni mapema, katika miezi ya mwisho, kabla vidole havijajaa. Siku ya kwenda hospitali mwachieni mama au dada wa nyumbani. Wengine huifunga kwenye pindo la kanga, kisha kanga hiyo hubadilishwa usiku na kupelekwa kufuliwa.