*TUSISUBIRI MWENDOKASI: TUANZE NA DALADALA INAYOFIKA MWISHO WA NJIA*

Ndugu wanachama,


Kwa ridhaa ya Mwenyekiti natuma maoni haya kabla ya kikao chetu cha kawaida, ili ajenda ya usafiri tuijadili tukiwa tumeshaitafakari. Ni marefu kuliko matangazo yangu ya ada na mahudhurio. Naomba msome hadi mwisho. Msimamo wa tawi utatoka kikaoni. Haya ni mawazo ya katibu wenu.

Siku hizi hakuna kikao kinachoisha bila mtu kuuliza: "Mwendokasi Mbeya lini?" Swali ni zuri. Jiji limekua. Sensa ya 2012 ilituhesabu watu 385,279. Ya 2022 ikatukuta 541,603. Hilo ni ongezeko la zaidi ya watu 156,000 ndani ya miaka 10, na wengi wao hawakujenga Sisimba wala Ghana. Wamekwenda pembezoni: Isyesye, Iganzo, Nsalaga, Igawilo, Iwambi, hadi Mbalizi ambako ni Halmashauri ya Wilaya. Wanalala kule, lakini riziki yao iko Mwanjelwa, Soweto, Kabwe, Iyunga na mjini.

Hata hivyo nadhani tunauliza swali la pili kabla ya la kwanza. La kwanza ni hili: kwa nini magari tuliyonayo leo hayafiki yanakotakiwa kufika, kwa wakati unaotakiwa?

*Dar es Salaam inatufundisha nini*

Mwendokasi ulianza Dar Mei 2016, njia ya Kimara hadi Kivukoni pamoja na matawi ya Gerezani na Morocco, jumla kilomita 20.9. Mwanzoni watu walishangilia, na walikuwa na haki. Baadaye malalamiko yakawa yale yale miaka nenda rudi: mabasi machache, vituo vimejaa, mtu anapitwa na mabasi mawili au matatu kwa sababu hayana nafasi. Kwa Mbagala, barabara ilikaa imekamilika ikisubiri mabasi.

Kwa hiyo zege peke yake halimfikishi mtu kazini. Kinachomfikisha ni gari linalokuja kila baada ya dakika chache, lina nafasi, na linafika mwisho wa njia. Mkiwa na barabara maalumu bila hayo, mna barabara nzuri ya kutazama. Mkiwa na hayo bila barabara maalumu, mtachelewa kidogo kwenye foleni, lakini mtafika.

*Hesabu ya abiria*

Wote tunajua kukatisha ruti. Gari limeandikwa Uyole hadi Mbalizi. Likifika Mafiati konda anagonga bodi: "Mwisho hapa, tunageuza." Abiria wa Iyunga na Mbalizi mnashuka, mnatafuta jingine, mnalipa tena.

Kwa nauli zilizotangazwa na LATRA mwishoni mwa 2023, safari ya mjini isiyozidi kilomita 10 ni shilingi 600 kwa mtu mzima. Mtu anayekatishiwa ruti asubuhi na jioni analipa 600 za ziada mara mbili, yaani 1,200 kwa siku. Akifanya kazi siku 26 kwa mwezi ni shilingi 31,200. Kukatisha ruti ni kupandisha nauli bila kutangaza. Hakuna mkutano wa wadau, hakuna tangazo, na anayelipa zaidi ni yule anayekaa mbali kwa sababu kiwanja cha karibu hakukimudu.

*Hesabu ya dereva*

Najua humu ndani tuna madereva, makonda, na wamiliki wa Hiace na Coaster. Sijaandika haya ili kuwasema. Nimesomea uhasibu, na uhasibu unanifundisha kwamba mtu akifanya jambo lile lile kila siku, angalia kwanza anavyolipwa.

Tuchukue mfano. Tuseme tajiri anataka hesabu ya 50,000 kwa siku, na mafuta ya siku ni 90,000. Jumla 140,000. Kwa nauli ya 600, dereva na konda wakishabeba abiria 233 bado hawajapata hata senti yao. Abiria wa 234 ndiye wa kwanza kuwachangia ugali. Na hapo sijaweka faini, mpigadebe, wala pancha.

Mtu mwenye hesabu kama hiyo kichwani atafanya nini? Atasubiri gari lijae kabla ya kuondoka, maana kiti kitupu ni hasara yake peke yake. Atageuza Mafiati, maana katikati ya jiji abiria ni wengi na wanashuka haraka. Atamkwepa mwanafunzi, maana mwanafunzi analipa 200, na wanafunzi watatu ndio sawa na mtu mzima mmoja. Mtoto anabaki kituoni kwenye baridi ya Juni na Julai, konda anaitwa katili, na kesho yake mambo ni yale yale. Faini zina kazi yake, lakini askari hawezi kusimama Mafiati kila saa. Mfumo wa hesabu unasimama pale saa zote.

*Dakika zinazopotea stendi*

Hapa naomba mnifuate taratibu, kwa sababu ndipo penye hoja yangu kubwa.

Tuseme ruti ya Uyole hadi Mbalizi ina magari 36. Safari ni dakika 70 kwenda na 70 kurudi. Kila gari likisubiri kujaa dakika 20 kila upande, mzunguko mzima ni dakika 180. Gawanya 180 kwa 36: kila dakika 5 gari moja. Si haba.

Sasa nusu ya magari hayo yageuzie Mafiati. Aliyeko Iyunga au Mbalizi anabaki na magari 18, yaani gari moja kila dakika 10, na linamfikia likiwa limeshajaa. Wakati huohuo anayepita Mwanjelwa anaona magari tele na kusema Mbeya haina shida ya usafiri. Wote wawili wanasema kweli. Tatizo ni kwamba mipango mingi hufanywa na anayepita Mwanjelwa.

Sasa tufanye jambo moja tu: magari yote yafike mwisho, na kusubiri stendi kupungue kutoka dakika 20 hadi 5. Mzunguko unakuwa dakika 150. Ili kupata gari kila dakika 5, tunahitaji magari 30 tu. Yaani kupunguza kusubiri ni sawa na kupata magari sita mapya bila mtu kukopa benki.

Namba hizi ni za mfano. Za kwetu halisi tutazipata kwa kuhesabu, nitaeleza mwishoni.

*Iringa nao*

Wenye watoto wanaosoma Iringa mnaijua hali ya kule. Mji uko juu kilimani, barabara kuu ya TANZAM inapita chini Ipogolo, na stendi kuu ya mabasi iko Igumbilo. Manispaa ile ilikuwa na watu 202,490 kwenye sensa ya 2022, chini ya nusu yetu, lakini fundisho lake linatuhusu. Ukipeleka stendi pembeni, safari ya msafiri inaanza kuhesabiwa upya pale anaposhuka: je, kuna daladala ya kumfikisha Kihesa au Mkimbizi moja kwa moja, hata akifika usiku na mizigo? Kama haipo, gharama ya kuhamisha stendi imebebwa na abiria mfukoni mwake. Na sisi kila soko, chuo au stendi ikihamishiwa pembeni, ruti iwe sehemu ya mpango tangu siku ya kwanza, isiachwe ijitafutie yenyewe.

*Bajaji*

Jambo hili lina joto, na tumeshaona migomo ya daladala hapa Mbeya kwa sababu yake. Daladala wanasema bajaji wanawachukulia abiria barabara kuu. Bajaji wanasema nao wana familia. Wote ni wanachama wetu.

Maoni yangu: bajaji ifanye kazi ambayo daladala haiwezi. Itoe watu Isyesye, Itezi, Ilemi na Iganzo ndani, iwalete barabara kuu, iwarudishe jioni. Barabara kuu ibaki ya magari makubwa. Lakini hatuwezi kumwambia dereva wa bajaji aondoke barabara kuu wakati abiria wenyewe wanamkimbilia kwa sababu daladala haiji. Daladala ikija kwa uhakika, mgawanyo huu utakubalika. Isipokuja, hakuna amri itakayodumu.

*Kwa nini sasa*

Barabara ya njia nne kutoka Nsalaga hadi Ifisi, kilomita 29, ndiyo uti wa mgongo wa usafiri wetu. Daladala zinaitumia pamoja na malori ya Zambia na Kongo, na hakuna asiyejua tulichokwisha kupoteza kwenye mteremko wa Iwambi na Mbalizi. Vituo visipowekwa mahali sahihi, vyenye nafasi ya gari kutoka kabisa barabarani, kivuko cha miguu na kibanda cha mvua, tutaishi na makosa hayo miaka 30. Kuhamisha kituo kwenye mchoro ni kalamu na karatasi. Kukihamisha baada ya zege ni bajeti nyingine.

*Napendekeza tawi lipeleke haya kwa Diwani na Kamati ya Maendeleo ya Kata:*

1. LATRA, Jiji, Halmashauri ya Wilaya ya Mbeya, TANROADS na vyama vya madereva wakae meza moja kuhusu ruti ya Uyole hadi Mbalizi. Ruti inavuka halmashauri mbili, kwa hiyo kila mmoja anaweza kusema ni ya mwenzake.

2. Saa 11 alfajiri hadi saa 3 asubuhi, na saa 10 jioni hadi saa 2 usiku, magari yaondoke kwa zamu ya dakika, yasisubiri kujaa. Tujaribu ruti moja kwa miezi mitatu, tupime, ndipo tuzungumzie nyingine.

3. Wamiliki waanze kuungana kwenye ushirika au kampuni, mapato yaingie kapu moja, dereva na konda wapate mshahara. Kenya iliwalazimisha wamiliki wa matatu kujiunga kwenye sako au kampuni. Ukorofi haukuisha, tusidanganyane, lakini abiria amepata jina la chombo cha kukilalamikia.

4. Suala la nauli ya mwanafunzi lisiachwe mabegani mwa konda. Kama jamii imeamua mtoto alipe 200, na ni uamuzi sahihi, basi Halmashauri itafute namna ya kulibeba pengo, hata kwa kuanza na kupunguza ushuru kwa magari yanayopangiwa zamu za wanafunzi.

5. Vituo na maegesho ya bajaji kwenye makutano ya njia nne vijadiliwe na wananchi.

*Kwa wenye mashaka*

Mmiliki mmoja ameshaniuliza: "Katibu, gari likiondoka nusu tupu nani ananilipa?" Ni swali la haki. Jibu langu ni kwamba kwa saa 15 za kazi, mzunguko wa dakika 180 unakupa mizunguko mitano. Wa dakika 150 unakupa sita. Viti vingi vitajazwa njiani na wale ambao leo wamekata tamaa wakapanda bajaji. Mafuta yataongezeka, ndiyo. Siwezi kukuapia kwamba faida itazidi, na ndiyo maana nasema tujaribu ruti moja kwanza. Mtu wa hesabu haombi imani, anaomba daftari.

*Kazi yetu wiki ijayo*

Nahitaji wanachama 12 wa kujitolea. Tutahesabu magari Uyole, Mafiati na Iyunga, Jumatatu hadi Jumamosi, saa 12 hadi saa 2 asubuhi na saa 11 jioni hadi saa 1 usiku. Kwa kila gari andika saa lilipopita, ruti iliyoandikwa, kama lina nafasi, na kama limegeuza. Msiandike namba za gari wala majina ya madereva. Tunapima huduma, hatukamati watu. Madereva wetu wa tawi nawaomba muwe wa kwanza kujiandikisha, mnaijua barabara kuliko sisi.

Tukienda kwa Diwani na malalamiko, tutapewa pole. Tukienda na daftari la siku sita lenye saa na dakika, itabidi tupewe majibu.

Ukiwa tayari, nijibu kwa jina lako na kituo unachokitaka. Fomu nitazigawa kikaoni. Na wale wa Igawilo na Nsalaga, mkichelewa kikao kwa sababu ya gari, mkifika andikeni mmesubiri dakika ngapi. Hiyo nayo ni takwimu.

Wenu katika ujenzi wa chama,
*Katibu wa Tawi*