Shamba la Ndooni kwa Watu wa Juani

Kisiwa cha Juani, jirani ya Chole katika wilaya ya Mafia, kimejaliwa jiwe kuliko udongo. Jiwe hilo la matumbawe ndilo lililowapa watu wa Kua, mji wa kale wa kisiwa hicho, nyumba zao, misikiti yao na chokaa ya kuijengea, hata mji ule ulipovunjwa na Wasakalava waliotoka Bukini karibu na mwaka 1829. Walakini jiwe lile lile lililokuwa karimu kwa mwashi limekuwa bahili kwa mkulima, naye hulazimika kutafuta udongo uliojikusanya baina ya miamba na kutia mbegu yake humo.

Rai yangu ni kwamba mtu aliyezoea kupanda katika vishimo vya mawe ndiye mstahiki wa kwanza wa kupanda mboga katika vyombo, kwa kuwa ndoo iliyopasuka, dumu la mafuta ya kula lililokatwa, beseni kuukuu au kiroba cha mchele si kitu ila kishimo kinachochukulika. Tena kina fadhila zaidi: udongo wa mwambani una chokaa nyingi, na aghalabu mimea hugeuka rangi ya manjano kwa kukosa madini ya chuma, ilhali udongo wa ndoo huchaguliwa na mwenyewe, akachanganya na samadi ya mbuzi iliyokwisha oza.

Tadbiri yake si ngumu. Chombo hutobolewa matundu chini ili maji yasituame, kikatandikwa makumbi ya nazi, ambayo Mafia hayana bei na hushika unyevu vizuri, kisha kikajazwa udongo. Mchicha huridhika na beseni lenye kina cha shubiri moja, na baada ya mwezi huwa tayari kuchumwa. Nyanya na bilinganya hudai ndoo ya lita 20. Mnanaa na mrehani hukubali hata kopo. Hadhari ni tatu: mchanga wa pwani usitumike, kwa sababu ya chumvi, dumu lililotiwa petroli au dawa ya wadudu lisikaribie chakula, na vyombo viwekwe juu ya kichanja, nyuma ya ukuta unaokinga upepo wa bahari, mahali ambapo jua hufika lakini mbuzi na kuku hawafiki.

Wako watakaosema kwamba maji ya kunywa yenyewe ni ya taabu, seuze ya kumwagilia mchicha. Hoja hiyo ina insafu, lakini haivunji shauri. Maji yamwagwayo juu ya mwamba hupotea katika nyufa zake, bali yamwagwayo ndooni hubaki kwenye mizizi. Na maji yaliyooshea mchele au mboga, ambayo kila siku humwagwa uani, yanatosha kunywesha vyombo kadha wa kadha. Zaidi ya hayo, mvua za masika huteremka juu ya mabati yetu tangu Machi hadi Mei, na nyumba isiyoweka hata pipa moja chini ya mchirizi huiacha neema hiyo ipite.

Sidai kwamba ndoo zitaondoa haja ya kununua mchele na unga. Nadai kwamba mboga za majani zinazovuka bahari huja zimekwisha ongezewa nauli, na kusi inapovuma kwa nguvu pengine haziji kabisa. Madhali uvuvi una kanuni zake tangu Hifadhi ya Bahari ya Mafia ilipoanzishwa mwaka 1995, ua wa nyumba ni mahali ambapo mama anaweza kuongeza riziki ya watoto wake pasipo kuomba kibali cha mtu.

Kwa hiyo naiomba Halmashauri ya Wilaya, katika ile asilimia 10 ya mapato yake ya ndani itengwayo kukopesha vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, isivisahau vikundi vya Juani vitakavyotaka matangi ya mvua na mbegu; na mabwana shamba wafike kisiwani kabla ya masika, si baada yake. Nawe msomaji usingoje mkopo wala mgeni: toboa ndoo moja, panda mchicha, na jirani akikuuliza, mgawie mbegu.