Msiifute Tarehe ya Bibi

Mpwa wangu alinitumia video kwa WhatsApp wiki moja kabla ya hitma ya bibi. "Shikamoo mjomba. Angalia nilivyoisafisha. Zile namba za pembeni nimezitoa zote." Nikafungua. Bibi yangu mzaa mama ameketi kwenye mkeka, nyumbani kwetu Mzumbe, anapepeta mchele, milima ya Uluguru iko nyuma yake. Picha imetulia, haina doa. Kona ya chini kulia, palipokuwa na maandishi meupe JAN 20 1993, pameonekana ungo. Lakini mkono wa kushoto wa bibi hauishii kwenye vidole. Umeyeyuka ukawa ungo.

Naandika haya kwa hasira, na sitaomba radhi. Siku hizi kila mwenye kanda za zamani anazipeleka kwa fundi ziingizwe kwenye flashi, na swali la kwanza la fundi ni: "Nikutolee na hizo tarehe?" Wengi wetu tunaitikia, kama tunavyoitikia kufutiwa vumbi kwenye kioo. Tarehe ile si vumbi.

Tuanze na fundi anachofanya hasa. Katika kamera za kanda za analojia, tarehe ikishawashwa wakati wa kurekodi, huandikwa ndani ya picha yenyewe. Chini yake hakuna picha nyingine iliyojificha ikisubiri kufunuliwa. Programu za kufuta hukisia. Kichujio cha delogo kilichomo kwenye FFmpeg, kwa mfano, huchukua rangi za pikseli zinazozunguka eneo lile na kulijaza kwa hesabu. Programu mpya za akili mnemba hukisia kwa ustadi zaidi, ila bado zinakisia. Na kamera za mfumo wa PAL, uliotumika kwetu, hutoa picha 25 kwa sekunde. Kanda ya dakika 40 ina picha 60,000. Ukiisafisha yote, umetunga kijipande cha uongo mara 60,000, na mara nyingine kijipande hicho ni mkono wa bibi yako.

Mpwa wangu akajitetea: "Lakini mjomba, tarehe yenyewe ni ya uongo. Mwaka 1993 hiyo kamera hata haijanunuliwa." Kweli. Kamera ilikuwa ya mjomba wangu, dereva wa chuo wakati huo. Anasema alibadilisha betri ndogo ya saa, hakujisumbua kuweka tarehe, basi kamera ikaanza kuhesabu kutoka Januari 1, 1993. Kwa hiyo namba zote za kanda ile zimekosea. Lakini saa iliyowekwa vibaya haiachi kutembea. Inakosea mahali ilipoanzia tu. Mwendo wake ni sahihi.

Na mwendo huo ndio ulionipa kitu nilichokitafuta tangu utotoni.

Bibi alipofariki nilikuwa kidato cha pili, bweni, mbali. Sikuitwa. Niliambiwa likizo ilipofika, nikaonyeshwa kaburi ambalo nyasi zilishaanza kuota. Nilipouliza alizikwa lini, kila mtu alinijibu vilevile: Ijumaa, baada ya swala. Ijumaa ipi? Mwaka ule ule wa Mwalimu. Hata kwenye kaburi umeandikwa mwaka peke yake. Sisi Waluguru huhesabu ukoo kwa upande wa mama, na mimi sikuweza kutaja siku aliyozikwa mama wa mama yangu.

Mwaka jana niliikalisha kanda kwenye deki na kuitazama yote, kalamu mkononi. Kuna kipande cha JAN 9, saa nane mchana kwa saa ya kamera. Redio inasikika ndani. Shangazi anatoka mbio, mikono kichwani, anamwambia jirani kwamba Mwalimu amefariki leo. Hiyo ni Alhamisi, Oktoba 14, 1999. Haihitaji kamera kuithibitisha. Halafu kipande cha bibi na ungo: JAN 20. Halafu mazishi yake: JAN 31, saa tisa na nusu. Tarehe zinapanda tu, hazirudi hata mara moja kwenye JAN 1, maana yake saa haikuzimika katikati.

Hesabu ni ya mtoto wa shule. Kutoka tangazo hadi mazishi ni siku 22 na saa moja na nusu. Ongeza hizo kwenye Oktoba 14, unapata Novemba 5, 1999, mchana. Nikatafuta kalenda ya mwaka huo. Novemba 5 ilikuwa Ijumaa.

Nilikaa pale sakafuni kwa muda mrefu. Na bibi akipepeta mchele ilikuwa Oktoba 25, siku 11 kabla hatujamzika.

Kuna watakaosema picha hujieleza yenyewe bila namba. Haya, tujaribu. Katika kanda yetu kinaonekana kibao cha IDM, Chuo cha Uongozi wa Maendeleo. Chuo hicho kilianza kwa jina hilo mwaka 1972 na kikawa Chuo Kikuu Mzumbe mwaka 2001. Kibao kinakupa miaka 29 uchague humo. Namba zile mbovu zilinipa siku.

Sikatai kwamba zinaziba sura wakati mwingine. Kama unataka kipande kizuri cha kuwaonyesha wageni, toa nakala, ufanye unavyotaka kwenye nakala hiyo, na uandike kwamba imefutwa. Lakini kanda na nakala ya kwanza ibaki kama ilivyo. Tarehe ikiwa na kosa, andika kwenye lebo kosa ni lipi na umelijuaje. Wenye kanda za MiniDV mna bahati: kwenu tarehe imehifadhiwa pembeni ya picha kama data, inaweza kuonyeshwa au kufichwa. Mwambieni fundi aihamishe kwa waya wa kidijitali, maana waya ule wa njano unachukua picha na kuiacha data nyuma.

Mpwa wangu alinyamaza siku mbili. Kisha akaja nyumbani mwenyewe na flashi. Kwenye hitma tuliangalia kanda ya asili, namba zote zikiwa mahali pake. Ilipofika JAN 20 niliisimamisha, nikawaambia watoto: hii ni Oktoba 25, 1999, na huo ni mkono wake, vidole vinne vinaonekana, cha tano kimezibwa na namba.

Afadhali kidole kilichozibwa kuliko mkono wa kubuniwa.