Malkia wa Katwe: Kitabu na Picha Yake

Huenda baadhi yenu hapa Goba mmekwisha kuitazama pamoja na watoto ile picha ya senema iitwayo "Queen of Katwe", aliyoitengeneza Bibi Mira Nair mwaka 2016. Picha hiyo ilitokana na kitabu cha Bwana Tim Crothers, Mmarekani, kilichopigwa chapa mwaka 2012. Kitabu si hadithi ya kubuni, ni habari za kweli za Phiona Mutesi, binti wa mtaa wa Katwe katika mji wa Kampala. Mwaka 2005 alimfuata kaka yake Brian mahali watoto walipopewa uji, akakuta wanafundishwa mchezo wa sataranji.

Picha ni ya kufurahisha jamaa nzima, na kicheko chake ni safi. Watazameni watoto wa Katwe walipokwenda kushindana katika shule ya King's College Budo: walilazwa kila mmoja kitandani pake, nao wakashuka wakalala sakafuni wamebanana, kwa kuwa ndivyo walivyozoea. Hapo twacheka, lakini hatuwadharau, maana nani kwetu hakulala hivyo utotoni? Mama yao, aliyeigizwa na Lupita Nyong'o, adhani mwalimu awafundisha watoto kamari. Walimu, neno hilo mmelisikia mara ngapi milangoni mwa watu!

Kitabu hakicheki sana. Chasema waziwazi kwamba baba wa Phiona alikufa kwa UKIMWI, nacho chakaa katika uchungu ule; picha yapita hapo upesi. Chaeleza pia jinsi maji ya mvua yajaavyo nyumba za Katwe. Sisi wa vilimani hatujui sana taabu hiyo, lakini waulizeni watu waliohamishwa bonde la Msimbazi wakapelekwa Mabwepande baada ya mafuriko ya Desemba 2011. Katika hili picha haikunyamaza, maana mafuriko yake yatisha kweli.

Lakini lililopungua zaidi ni habari za mwalimu mwenyewe, Robert Katende. Kitabu chatumia kurasa nyingi kueleza alivyolelewa na bibi yake, alivyoumia vibaya mpirani hata akakaribia kufa, na alivyoamini baada ya hayo. Ndipo akaingia kazini katika chama cha Kikristo kiwavutacho watoto kwa michezo. Katika picha yeye ni mtu mwema tu, mcheshi, mwenye mke mwema; wema wake watoka wapi, mtazamaji haambiwi mengi. Mimi naona hasara hapo. Mtoto atazamaye aweza kudhani kwamba watu wa namna hii huzaliwa tayari, wala hakuna kilichowapata.

Tena picha yaishia katika furaha: mama apata nyumba. Kitabu kilipotoka, mambo mengi ya jamaa ile yalikuwa bado hayajulikani yataishaje, naye mwandishi akayaacha hivyo hivyo. Sikulaumu kumalizia kwa furaha, kwa sababu watoto wahitaji kulala na moyo mwepesi. Ila wakubwa, hasa walimu, wakisome kitabu. Kimeandikwa kwa Kiingereza, basi mwenye kukijua awasimulie wengine jioni, asiruke habari ya baba. Katika nyumba zetu wamo watoto waliofiwa vivyo hivyo, na hakuna aliyewaambia sababu.

Watakaoitazama picha waanze mapema, kwa kuwa yapita saa mbili. Nayo ikifika mwisho msiizime upesi: kila mwigizaji atokea akisimama karibu na mtu yule aliyemwigiza, Madina Nalwanga pamoja na Phiona mwenyewe, na Lupita pamoja na mama wa kweli, Nakku Harriet.